Shangazi, huruma yao inanimaliza

Shangazi, shikamoo.

Naomba ukiichapisha barua hii usitaje chuo wala wilaya ninayokaa, huku kwetu watu tunajuana. Mimi ni mama wa miaka 33, mhadhiri msaidizi wa jiolojia katika chuo kimoja cha Nyanda za Juu Kusini. Idara yetu ina walimu 11. Wanaume 10, na mimi. Usiharakishe kunionea huruma, maana huruma ndiyo iliyonileta kwako.

Kwa asiyeijua kazi yetu, mwanajiolojia asiyekwenda fildi ni sawa na mvuvi asiyeingia ziwani. Fildi ndiko unakookota sampuli. Sampuli zinakwenda maabara, majibu ya maabara yanazaa makala, na makala yenye jina lako ndiyo inayofanya profesa wa mahali fulani akubali kukusimamia uzamivu. Bila uzamivu unabaki mhadhiri msaidizi mpaka unazeeka. Posho nayo iko hukohuko fildi, tusidanganyane.

Mwaka 2022, kabla sijashika mimba, tulikwenda upande wa Busokelo kuchora ramani ya chemchemi za majimoto. Ulikuwa mwezi wa nne, na wewe Shangazi unaijua mvua ya Tukuyu ya mwezi wa nne. Tulipangiwa siku 19. Wenzangu wawili walikaa siku 6 wakarudi mjini kusahihisha mitihani, nikabaki na dereva, fundi wa maabara na kijana mmoja wa kijijini aliyekuwa akituonyesha njia. Viatu vya fildi vya idara vinaanzia namba 42, mimi navaa 38, kwa hiyo nilikuwa nimejinunulia vyangu vya mtumba Mwanjelwa. Nilikuwa naandika kwa penseli kwa sababu wino ulikuwa unachuruzika. Daftari lile ninalo mpaka leo, kurasa zimevimba kama andazi lililotumbukia chai. Kila chemchemi imo: joto la maji, kiwango cha asidi, mwelekeo wa nyufa kwenye mwamba. Moja haikuwa kwenye ramani yoyote tuliyobeba. Yule kijana ndiye aliyetupeleka, iko nyuma ya migomba ya bibi yake, na bibi huwa anafulia humo.

Mwezi wa pili mwaka huu makala imetoka. Ina majina manne: mkuu wa idara, wale wawili wa siku 6, na profesa mmoja wa nje aliyepima sampuli. Ramani iliyomo ni yangu, Shangazi. Kuna kijito nilikosea kuandika jina lake kule kwenye mvua, herufi moja tu. Kosa lile limo vilevile, limechapishwa. Mimi nimewekwa mwisho kabisa kwenye shukrani, pamoja na ofisi ya mtendaji wa kata, na jina langu la ukoo nalo limekosewa.

Sasa huyo mkuu wa idara. Angekuwa mtu mbaya nisingekuandikia. Alinifundisha tangu mwaka wa kwanza. Mkopo wangu ulipochelewa alinilipia ada iliyobaki kutoka mfukoni mwake, hakudai kitu, wala hajawahi kuniangalia vibaya hata siku moja. Baba yangu alipofariki alikuja mpaka Kyela, akashika koleo makaburini kama mtoto wa nyumbani. Kazini namwita Dokta, moyoni namwita baba.

Nilimuuliza kuhusu jina langu. Alishtuka, na alishtuka kweli. Akasema, "Mama, tulipokuwa tunaandika ulikuwa umetoka kujifungua, hatukutaka kukusumbua." Na ndivyo kila jambo lilivyo. Safari ya machimbo ya Chunya: "Mama, kule jua kali, halafu wachimbaji hawataki mwanamke karibu na duara, lile shimo lao la kuchimbia, watasema dhahabu imekimbia." Safari ya kupandisha wanafunzi Ziwa Ngozi: "Mama, wewe una mtoto mchanga." Mtoto alikuwa na miezi 11 na anakula ndizi. Mama mkwe wangu anakaa Kiwira, barabara hiyohiyo, alikuwa anamsubiri mjukuu kwa hamu. Hakuna aliyeniuliza. Nafasi ya kwenda kusoma uzamivu mwaka jana alipendekezwa kijana aliyeajiriwa miaka miwili baada yangu. Mimi nikaambiwa zamu ijayo, mtoto akishakua kidogo. Ninachopewa kwa wingi ni kuandika mihtasari ya vikao kwa kuwa "una mwandiko mzuri" (tunaandika kwa kompyuta, Shangazi), kamati ya kupokea wageni, na kila mwanafunzi wa kike mwenye matatizo.

Wanafunzi wa mwaka wa pili huwa nawasimulia habari za Marie Tharp, yule mama wa Marekani aliyechora ramani ya sakafu ya bahari. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aligundua kuwa katikati ya Atlantiki kuna bonde la ufa, ndugu wa hili letu tunalokanyaga. Mwenzake Bruce Heezen alimwambia hizo ni porojo za kisichana. Na vipimo alivyokuwa anachorea vililetwa na wanaume, kwa sababu meli za utafiti kwa miaka mingi hazikupakia wanawake. Darasa huwa linacheka hapo kwenye porojo, na mimi hucheka nao. Mwaka huu nimeshindwa.

Wiki tatu zilizopita chuo kimesambaza fomu ya kupima hali ya mahali pa kazi, imetoka dawati la jinsia. Juu imeandikwa usiandike jina. Chini yake wanauliza jinsia, cheo na idara. Mwanamke, mhadhiri msaidizi, jiolojia. Wangeniambia tu nibandike picha.

Mwezi wa saba anaripoti mkufunzi msaidizi mpya, binti, mwanafunzi wangu mwenyewe. Alinipigia simu: "Madam, idara ikoje?" Nikamwambia niko kikaoni nitampigia. Sijampigia mpaka leo.

Mume wangu ni mwalimu wa sekondari. Anasema nishukuru nina ajira ya kudumu, vijana wangapi wako mtaani na shahada zao. Dada yangu anasema nishtaki. Kampuni moja ya utafutaji madini imenipa ofa ya mkataba wa mwaka mmoja, mshahara mara mbili ya huu. Nikipiga kelele nimemvua nguo mtu aliyenizikia baba. Nikinyamaza, basi tena, nimejizika mwenyewe. Nifanyeje?

Mama wa Majimoto, Mbeya


Marahaba mwanangu. Na huyo mjukuu wa Kiwira mpe salamu zangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama palepale, kwenye kijito. Mtu anaweza kusahau kuweka jina la mwenzake. Lakini kosa lako la mkono, ulilolifanya umelowa mvua, likasafiri mpaka jaridani bila jina lako, hilo linauma kwa namna yake. Ni kama kukuta mtoto wako kwa jirani, amevishwa shati jingine, na kovu la goti ni lilelile.

Kabla sijasema lolote kuhusu watu wa ofisini kwako, niseme la kwangu. Nimekaa ofisi za utumishi miaka 26 kabla ya kustaafu. Mwaka mmoja tulikaa kikao cha kupendekeza watumishi wa kwenda masomoni. Jina la mama mmoja likaja mezani, hodari, zamu ni yake kabisa. Alikuwa na pacha wa miezi mitano. Mimi, mwanamke peke yangu pale mezani, ndiye niliyesema, "Huyu tumwache kwanza apumue." Wanaume wakaitikia kwa kichwa, wakaona limesemwa na mwenye uchungu. Tukafunga faili tukaenda kula. Nilitoka pale najiona nimemtendea wema mwenzangu. Mwaka uliofuata bajeti ilikatwa, uliofuata wakaja vijana wapya, na yule mama amestaafu na cheti kilekile alichoingia nacho. Siku tunamuaga aliniuliza, nani siku ile alisema niachwe? Nikamjibu sikumbuki. Nilikuwa nakumbuka.

Kwa hiyo unaposema Dokta alishtuka kweli, ninakuamini, na yeye namwamini. Watu wanadhani mtu hunyimwa haki yake na mtu anayemchukia. Wakati mwingine ananyimwa na mtu anayemfungulia mlango wa gari. Ndiyo maana shida yako ni ngumu kuliko ya mwenye bosi mkorofi. Mkorofi unajua pa kumshika.

Nikikusikiliza vizuri, hujaniletea ugomvi. Umeniletea deni. Unahisi ile ada na lile koleo la Kyela vimekufunga mdomo. Hebu tukae hapo kidogo. Ada aliyokulipia unaweza kuirudisha kwa kumlipia mtoto wa mtu mwingine. Koleo unalirudisha siku akipata msiba, na najua utakwenda hata kama ni usiku wa manane. Lakini ni lini mlikubaliana kwamba ramani nayo imo kwenye hesabu hiyo? Sidhani hata yeye anafikiri hivyo. Ukimuuliza, "Dokta, ile ada ulinilipia ili siku moja nikuachie kazi yangu?" atashtuka kuliko alivyoshtuka mara ya kwanza. Mimi naona deni lipo na litalipwa, ila liko kwenye daftari jingine.

Kuna maswali nataka nikuulize, usiyachukue kama lawama.

Ulipoambiwa Chunya jua kali, ulijibu nini? Ulipoambiwa una mtoto mchanga? Kwenye barua umeniandikia maneno yao yote kwa alama za kunukuu, ya kwako sijayaona. Nahisi ulitabasamu ukasema "haya Dokta". Sisi huku tumelelewa hivyo, mkubwa akikuonea huruma hukatai, ni kama kukataa ugali uliokaribishwa. Lakini inawezekana kabisa kwamba pale ofisini hakuna hata mmoja anayejua kuwa unataka kwenda. Sisemi kimya chako ndicho kilichokunyima. Waliopaswa kuuliza ni wao, na mwanaume mwenye mtoto mchanga pale idarani sidhani kama aliwahi kuambiwa abaki. Nasema tu kwamba neno "nitakwenda, mtoto ana bibi yake Kiwira" bado hujalitumia, na halihitaji kamati.

Swali jingine ni hao wawili wa siku 6. Umewapitia juujuu. Wao wanajua kabisa nani alibaki kwenye matope siku 13 zaidi. Hasira yote umempelekea Dokta kwa sababu ndiye unayempenda. Na yule profesa wa nje, anajua hata kama upo? Huenda kwake ramani ilifika kama "ramani ya idara".

Na la tatu nalisema taratibu. Kwenye barua yako yumo kijana wa kijijini. Ndiye aliyewapeleka kwenye chemchemi ambayo ramani zenu zote hazikuwa nayo, na maji ni ya bibi yake. Yumo fundi wa maabara aliyekaa siku zote 19. Hujaniambia majina yao, na nina wasiwasi hata kwenye shukrani hawamo. Sikusuti. Nimelitaja kwa sababu mambo haya yana ngazi, na kila aliyesimama kwenye ngazi humwona vizuri aliye juu yake tu. Ukiamua kudai jina lako, hao wawili utaenda nao au utawaacha mlangoni? Hata kwa hesabu kavu, mtu anayedai kwa ajili ya watatu ni vigumu kumwambia ana uchungu wa nafsi yake.

Sasa tuangalie njia. Sitakuchagulia, ila nitakuonyesha mashimo ninayoyaona.

Kabla ya njia yoyote kuna kazi ya mezani. Miaka ya 1990 pale MIT, chuo kikubwa cha sayansi huko Marekani, profesa mmoja wa biolojia, Nancy Hopkins, alichoka kuambiwa kwamba anahisi tu. Akachukua futi ya kupimia akaanza kupima vyumba vya maabara, cha nani kina ukubwa gani, mpaka ikaonekana wanawake wamepewa nafasi ndogo kuliko wanaume. Wakati huo kitivo chao cha sayansi kilikuwa na maprofesa wa kudumu wanaume 194 na wanawake 15. Ripoti ilitoka mwaka 1999, na mkuu wa chuo mwenyewe akaandika kwamba siku zote alidhani ubaguzi ule ni nusu hali halisi na nusu hisia, sasa ameelewa kuwa hali halisi ndiyo sehemu kubwa zaidi. Kilichonifurahisha mimi mtu wa mafaili ni ile futi. Hakwenda na kilio, alikwenda na vipimo.

Wewe ni mtu wa kupima pia. Kaa na baba watoto jioni moja, mtoto akilala, mwandike: safari za fildi za idara tangu 2022, nani alikwenda, siku ngapi. Kamati, nani yumo. Nani alipendekezwa masomoni na aliajiriwa lini. Daftari la Busokelo lipige picha ukurasa kwa ukurasa, ukurasa wa kijito mara mbili, picha uzitunze nje ya kompyuta ya ofisi. Inawezekana ukimaliza ukakuta ni mbaya kuliko ulivyodhani. Inawezekana pia ukakuta kuna kijana mmoja mpole hapo idarani naye hajaenda fildi miaka miwili na hana mtoto wala mimba. Ukilikuta hilo, hadithi inabadilika, na ni afadhali ulijue wewe kwanza kuliko kuambiwa mbele za watu.

Njia ya kwanza ni Dokta mwenyewe. Si koridoni, wala si kwa ujumbe wa simu. Omba miadi, funga mlango nusu, weka daftari mezani lifungue pale kwenye kijito. Mwache asome. Kisha omba vitu, usiombe maelezo: jina lako liongezwe, safari ijayo uwemo, na zamu ya masomo iandikwe kwenye mpango wa idara kwa mwaka wake, ili isibaki "ijayo". Hatari yake unaijua. Anaweza kuumia, na mzazi akiumia hubadilika. Anaweza pia kukubali yote kwa mdomo na mwezi ukaisha, kwa hiyo ukitoka pale mwandikie barua pepe fupi ya kumshukuru kwa mazungumzo, ukitaja mliyokubaliana. Si wewe ndiye mwenye mwandiko mzuri?

Kuhusu jina lenyewe, majarida mengi huwa na utaratibu wa kuchapisha masahihisho, lakini kwa kawaida yanataka waandishi wote wakubaliane. Ukimwandikia mhariri peke yako, mara nyingi atakurudisha chuoni, kwamba malizaneni huko. Na hapo utakuwa umewasha moto kabla hujachota maji. Wakikubali wote wanne ni barua moja tu. Wakikataa, kamati ya utafiti ya chuo ndiyo inayofuata, na huko daftari lako lina thamani kuliko machozi yangu na yako.

Njia ya pili ni ile fomu. Nimecheka na mimi, ya picha. Lakini hebu iangalie kwa upande mwingine. Nenda dawati la jinsia na fomu ikiwa tupu, uwaambie: fomu hii haimfichi mtu aliye peke yake. Hapo humsemi Dokta, unaisema karatasi. Waombe wafute idara au waunganishe vitivo. Kama ni watu makini watarekebisha, na utakuwa umejua ni watu wa namna gani kabla hujawakabidhi siri. Kama watakuuliza "kwani wewe una tatizo gani?" huku mlango uko wazi na katibu anasikiliza, nalo ni jibu. Kutoijaza kabisa ni haki yako. Ila ujue fomu zikirudi bila yako, idara yenu itaandikwa haina malalamiko, na karatasi hiyo itakaa kwenye faili muda mrefu.

Ya kushtaki kama anavyotaka dada yako, nisiipambe wala nisiitukane. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa jinsia, ujauzito, hali ya ndoa au majukumu ya familia, na mafunzo na kupandishwa cheo vimo. Sheria hiyohiyo ndiyo inayokupa siku 84 za likizo ya uzazi na saa zisizozidi mbili kwa siku za kunyonyesha. Nakutajia ujue kwamba unachokitaka si fadhila. Likizo ya uzazi ilitungwa ili mama apumzike kisha arudi mahali pake, haikutungwa iwe sababu ya kumrukia miaka miwili baadaye. Lakini malalamiko rasmi ni safari ndefu, yana ngazi na muda wake, na kwa mtumishi wa umma yana mlolongo wa peke yake. Kabla hujaandika hata mstari, kaa na mwakilishi wa chama chenu cha wafanyakazi au mwanasheria, akupe tarehe. Nimeona watu wenye haki kabisa wakikosa kwa kuchelewa wiki mbili. Nimeona pia mtu akishinda, kisha kila siku saa nne anakunywa chai peke yake. Wewe ndiye unayejua uko tayari kwa chai ya namna gani.

Kampuni ya madini. Mwaka mmoja, mara mbili ya mshahara, na fildi utakwenda mpaka uchoke. Sikuambii usiende. Uliza mambo mawili kabla. Moja, data utakazokusanya ni za nani? Mara nyingi kampuni inazifungia, kwa hiyo unaweza kurudi na hela lakini bila makala, na jina lako likawa halijasogea. Pili, mwajiri wako wa sasa anaweza kukupa likizo bila malipo, au ukitoka umetoka? Mume wako anaposema ushukuru ajira ya kudumu, usimsikie kama anakupinga. Mshahara wa mwalimu na mtoto mmoja ndani ni hesabu, na hesabu hiyo anaifanya usiku wewe umelala. Mwonyeshe barua hii. Na ile imani ya dhahabu kukimbia ikiona mwanamke, ujue kwenye kampuni utaikuta pia, imevaa kofia ngumu.

Kunyamaza nako ni njia, tusijifanye si njia. Kuna watu wameamua kumeza, wakasubiri zamu, zamu ikaja kweli. Ukiichagua, iwekee tarehe. Mpango wa masomo ukitoka mwaka huu na jina lako halimo, je, utafanya nini? Liandike sasa, ukiwa hujakasirika.

Nikisema ukweli wangu, kinachonisumbua kuliko jina na kuliko zamu ni simu ya yule binti. Hujampigia kwa sababu hutaki kumdanganya na hutaki kumtisha. Mbona kuna la katikati? Huna haja ya kumsimulia ya makala. Mwambie idara ina watu wema, na wema wao wakati mwingine unakuamulia mambo. Mwambie akitaka fildi aseme siku ya kwanza, kikaoni, kwa sauti, nawe utakuwa umekaa pale unaitikia. Mtakuwa wawili. Fomu ikija tena, "mwanamke wa jiolojia" hatakuwa mmoja. Ila nikuonye, usimgeuze askari wako. Ana miaka yake 24, anadaiwa mkopo wa chuo, na huenda akamwona Dokta kama baba, kama wewe ulivyomwona. Huenda pia akawa mkali kuliko wewe na akakuaibisha kikaoni kwa kuuliza, "Madam, kwani mihtasari lazima aandike mwanamke?" Siku hiyo nitaomba uniandikie.

Na mwambie kabisa habari za viatu, kwamba vya idara vinaanzia 42. Vile vya Mwanjelwa, bado unavyo?

Shangazi